Barista, solisita au mshauri wa uhamiaji: upitie mlango gani Uingereza?

Mwaka juzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka Leicester. "Mjomba, nimeshaamua. Nataka kuwa barista wa uhamiaji." Nikamuuliza kama atawachemshia wahamiaji kahawa. Hakucheka. Alikuwa na digrii ya siasa, zamu ya usiku ghalani, deni la chuo, na alikuwa karibu kulipia kozi ambayo kwa bei yake ungepata kiwanja Kibaha.

Nikamwomba anipe wiki moja. Mimi si mwanasheria, ni mkalimani. Kwa miaka mingi nimekaa kwenye kiti kilicho kati ya jaji na mtu anayejieleza kwa Kiswahili, na kutoka kiti hicho nimewaona watu wa aina tatu wakiigawana kazi ambayo sisi tunaiita kwa neno moja tu, uwakili: barista (barrister), anayesimama kumsemea mtu mbele ya jaji; solisita (solicitor), anayempokea mteja na kulisimamia faili; na mshauri wa uhamiaji. Kwetu Kenya na Tanzania ukishaapishwa unampokea mteja, unaandaa hati na kusimama mbele ya jaji, yote wewe. England na Wales wameipasua kazi hiyo, na Uskochi na Ireland ya Kaskazini nao wana taratibu zao. Kwa hiyo anayesema "nataka kuwa wakili wa uhamiaji London" bado hajasema anataka nini.

Yafuatayo ndiyo niliyomwandikia, nikiongeza machache niliyojifunza baadaye.

Kesi moja, mikono mitatu

Nianze na rufaa moja. Nimebadilisha mambo madogomadogo ili mwenyewe asitambulike.

Mama wa makamo, Mbajuni wa visiwa vya karibu na Kismayu. Katika mahojiano ya mwanzo alisema watu wenye bunduki walikuja saa mbili usiku. Aliyekuwa akitafsiri kwa simu akaipeleka "saa mbili" ilivyo, ikaandikwa saa 2 za alfajiri kwa hesabu ya Kizungu. Mahojiano makubwa yalipofika, mkalimani mwingine akaipeleka sawasawa, ikaandikwa saa 8 za usiku kwa hesabu hiyohiyo ya Kizungu, yaani saa mbili yetu. Barua ya kumkatalia ikasema mama huyu anajipinga, hivyo haaminiki.

Aliyegundua tatizo alikuwa binti mmoja mshauri wa uhamiaji. Alikaa na yule mama alasiri tatu nzima, akamchorea saa kwenye karatasi, akaandika aya moja kwenye maelezo ya shahidi kueleza kwamba Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapozama. Solisita aliyelisimamia faili aliikata rufaa ndani ya siku 14 zinazoruhusiwa kwa aliye ndani ya nchi, akaomba msaada wa kisheria wa serikali, akamtafuta daktari wa kuandika ripoti ya makovu. Barista alifika siku yenyewe saa tatu na robo asubuhi, akivuta begi la magurudumu. Kabla ya hapo hakuwahi kuonana na mteja wake. Wakaongea nusu saa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, mimi katikati.

Ndani, afisa wa serikali akaishikilia ile saa kwa dakika ishirini. Zamu ya barista ikafika, akauliza maswali mawili tu.

"Jua likizama kwenu huwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Na hao watu walipokuja, mlikuwa mmefanya nini tangu jua lizame?"

"Tulikuwa tumeshakula. Isha ilikuwa imeshaadhiniwa."

Jaji akainamisha kichwa, akaandika kwa muda mrefu. Barista akakaa chini. Saa saba mchana alikuwa kwenye treni, kesho yake ana kesi Birmingham. Mama yule aliposhinda, wiki kadhaa baadaye, hakumpigia barista, wala hakuwa na namba yake. Alimpigia yule binti, akalia kwenye simu, kisha akamuuliza afanyeje ili wanawe waje.

Sasa jiulize ungependa kuwa nani kati ya hao. Simaanishi nani ana jina kubwa. Naulizia siku ya kazi unayoweza kuiishi kwa miaka ishirini. Barista anaishi kwa saa moja ya kusema na usiku mwingi wa kusoma mafaili ya watu asiowajua. Solisita na mshauri wanaishi na mtu kuanzia anapoingia mlangoni na mfuko wa plastiki umejaa makaratasi, hadi siku anapopata uraia, wakati mwingine miaka kumi baadaye. Mpwa wangu aliponiambia anapenda "kuwasaidia watu wetu", nilijua anaielezea kazi ya yule binti bila kujua.

Na kama ni wigi linalokuvuta, mabaraza ya rufaa za uhamiaji hayavai wigi wala joho. Watu wanakuja na suti za kawaida, baadhi zimepauka.

Darasa linafundisha nini

Hili linawashangaza wengi. Mlango wenye heshima ndogo kuliko yote ndio pekee unaokutahini uhamiaji kuanzia siku ya kwanza.

Ukiwa na digrii isiyo ya sheria, njia ya barista inaanza na mwaka mmoja wa stashahada ya kubadili fani. Kisha unajiunga na kimoja cha vyama vinne vya kale vya London, yaani Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple. Charles Njonjo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, alipitia Gray's Inn. Ndipo unasoma kozi ya ubarista. Mitihani yake mikuu ni mwenendo wa kesi za madai, mwenendo wa kesi za jinai na maadili ya kazi, pamoja na mazoezi ya kusimama na kusema, kuhoji mashahidi, kuandika hoja na kuandaa hati. Katikati ya yote hayo kuna vikao kumi vya chama chako, vingine vikiwa chakula cha jioni kwenye kumbi za mbao nyeusi. Uhamiaji wenyewe ni somo la hiari, chuo kikiamua kulitoa.

Solisita anafanya mitihani ya kufuzu iitwayo SQE, utaratibu ulioanza Septemba 2021. Sehemu ya kwanza ina maswali 360 ya kuchagua jibu: mikataba, ardhi, wosia, kampuni, jinai na kadhalika. Sehemu ya pili ni ya vitendo, kwa maandishi na kwa mdomo. Utajibu jinsi ya kuhamisha hati ya nyumba ya Surrey kabla hujaulizwa lolote kuhusu mkimbizi.

Mshauri anasajiliwa na Immigration Advice Authority, mamlaka ambayo hadi Januari 2025 ilijulikana kama OISC. Ina ngazi tatu. Ngazi ya 1 ni maombi ya kawaida yanayokubaliana na kanuni: viza ya mwenza, kuongeza muda, uraia. Hifadhi haiguswi hapo. Ngazi ya 2 unaingia kwenye madai ya hifadhi, waliopitiliza muda wa viza na walioingia bila ruhusa, na unaweza kuwasilisha rufaa lakini si kuisimamia mbele ya jaji. Ngazi ya 3 unasimama mwenyewe, kwenye Baraza la Ngazi ya Kwanza, linalosikiliza rufaa mwanzo, na Baraza la Juu lililo juu yake. Nimewatafsiria washauri wa Ngazi ya 3 waliowazidi mabarista fulani kwa mbali, maana mjuzi wa kanuni za uhamiaji ni yule anayezishika kila siku. Kanuni hizo zilitungwa upya mwaka 1994 na tangu hapo zimetiwa viraka hadi majaji wenyewe wanazilalamikia.

Neno kwa wanaojaza fomu za watu msikitini, kanisani au kwenye duka la kutuma pesa: tangu sheria ya 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji kama shughuli, hata usipotafuta faida, bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Wale jamaa wa "nitakuandikia stori ya kujilipua", yaani hadithi ya kutunga ya kuombea hifadhi, wamewaharibia wengi, na jina lako likishachanganywa na mambo yao, milango yote mitatu itakuuliza maswali kuhusu uaminifu wako.

Fedha, miaka na bahati nasibu

Kozi ya ubarista huwa kati ya takriban pauni 13,000 na 20,000, kutegemea chuo na mji, bila kuhesabu chumba na nauli. Vyama vile vinne hutoa ufadhili wa mamilioni ya pauni kila mwaka, na wanaangalia pia uhitaji wako. Maombi hufungwa mapema, kwa kawaida mwanzoni mwa Novemba ya mwaka unaotangulia kozi. Ukichelewa umechelewa. Maoni yangu nimeyarudia mpaka mpwa wangu amechoka: usiingie kozi hii kwa mkopo mtupu. Kama vyama havikukupa ufadhili, huenda ni dalili ya namna chemba, yaani ofisi za pamoja za mabarista, zitakavyokuona. Huenda, nasema, kwa sababu nimeona wanaokataliwa mara mbili wakaja kung'ara.

Ada si sehemu ngumu kuliko zote. Kigingi ni uanagenzi, mwaka mmoja chini ya barista mzoefu, miezi sita ya kutazama na sita ya kushika kesi zako. Bila huo, hata ukishapewa cheo kwenye hafla na picha ukazituma nyumbani, huruhusiwi kufanya kazi ya barista. Wanaoanza kozi kila mwaka ni zaidi ya 2,000. Nafasi za uanagenzi huwa 500 au 600, kwa fani zote, na zinagombaniwa pia na waliokosa miaka iliyopita. Za uhamiaji ni kisehemu tu, nyingi zikiwa kwenye chemba kama Garden Court au Doughty Street, ambako anayeomba pamoja nawe ana shahada mbili na miaka mitatu ya kazi kwenye kambi za wakimbizi. Maombi ya mtandao wa pamoja huwa Januari hadi mwanzoni mwa Februari, na majibu hutoka Mei. Una miaka mitano baada ya kozi kupata nafasi, vinginevyo kozi inachacha.

Ukiipata, kima cha chini cha mwaka huo kwa 2025 kilikuwa pauni 24,203 London na 22,019 nje yake. Baada ya hapo umejiajiri. Hakuna mshahara, likizo ya malipo wala pensheni ya mwajiri. Unaikatia chemba sehemu ya mapato, na kazi unaletewa na makarani wake, kwa hiyo waheshimu makarani. Malipo ya kesi za msaada wa serikali ndiyo kilio cha wote. Viwango vya kesi za madai havikupandishwa tangu 1996, vikakatwa asilimia 10 mwaka 2011, na Aprili 2013 sehemu kubwa ya kesi za uhamiaji zisizo za hifadhi zikaondolewa kabisa kwenye msaada huo. Nyongeza kwa uhamiaji ilitangazwa mwishoni mwa 2024. Nimemwona barista kijana akila biskuti kwenye korido na kupiga hesabu ya nauli ya Newport kwenda na kurudi dhidi ya malipo ya siku hiyo. Hakunionyesha jibu, ila uso ulinitosha.

Solisita ana unafuu mkubwa hapa, kwa sababu analipwa akijifunza. Mitihani yote miwili inazidi pauni 4,700, na ukitaka kozi ya kujiandaa ni juu yako. Lakini ile miaka miwili ya uzoefu inayotakiwa unaweza kuikusanya sehemu hadi nne: kampuni ya mawakili, kituo cha sheria cha mtaa, shirika la hisani, hata kliniki ya sheria ya chuo. Mtu anayefanya kazi ya msaidizi wa kesi leo huenda ameshavuna nusu ya miaka hiyo bila kujua. Muulize solisita aliyepo kazini kwako kama atakusainia, na uulize mapema, siyo siku ya kuaga. Ukitaka kushika kesi za msaada wa serikali, utahitaji pia kuthibitishwa na Law Society, chama cha masolisita, kwenye mpango wao wa uhamiaji na hifadhi.

Mshauri ndiye wa bei nafuu kuliko wote. Huhitaji digrii. Unahitaji shirika lililosajiliwa likupokee, usome, ufaulu mtihani wa ngazi yako. Mashirika yasiyotoza wateja hayalipi ada ya usajili, ndiyo maana mengi hupokea watu wanaojitolea na kuwasomesha. Ubaya ni kwamba mshahara una dari, na siku kesi inapopanda Mahakama ya Rufaa unaikabidhi kwa wengine na kukaa nyuma kabisa.

Viza yako mwenyewe

Tunasahau kwamba anayetaka kutetea wahamiaji naye huenda ni mhamiaji. Barista wa chemba amejiajiri, kwa hiyo kwa kawaida hana mwajiri wa kumdhamini viza ya kazi. Kampuni ya mawakili yenye leseni ya udhamini inaweza, ikitaka. Kama ukaazi wako haujatulia, hoja hii peke yake inaweza kukuamulia, na hakuna aibu.

Wakili aliyekwisha kuapishwa Nairobi au Dar yuko mahali pengine kabisa. Kwa usolisita haombwi ile miaka miwili. Anafanya mitihani, na kutegemea uzoefu wake anaweza kuomba asamehewe sehemu ya pili. Kwa ubarista anaomba msamaha kwa Bar Standards Board, wasimamizi wa mabarista, ambao humwambia afanye karatasi zipi za mtihani wa uhamisho na kama anadaiwa uanagenzi. Kama ningekuwa wakili wa miaka minane Mombasa, nisingekanyaga kozi ya ubarista hata kidogo.

Kiswahili kinalipa wapi

Kiswahili kina uzito wake kwenye sheria hii. Mwaka 2004 baraza lilitoa uamuzi wa mwongozo, unaojulikana kama KS, uliochambua Wabajuni wa Somalia na suala la nani anategemewa kujua Kibajuni. Baadaye zikaja ripoti za kuchambua lugha, sauti ya mwombaji inasikilizwa na mtaalamu aliye mbali anayesema huyu ni wa Somalia au ni wa Kenya. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi ya MN na KY iliyotoka Uskochi, ikasema ripoti hizo zinaweza kupokelewa, lakini jaji azipime kama ushahidi mwingine wowote, na mchambuzi wa lugha asijifanye mjuzi wa mambo mengine. Watu walirudishiwa matumaini kwa sababu ya hoja za irabu na konsonanti.

Kwenye ubarista, Kiswahili chako kitakusaidia kidogo kuliko unavyodhani. Unaongea Kiingereza na jaji, na mkalimani yupo. Kitakufaa pale utakapobaini tafsiri inateleza, ukaomba jambo lirudiwe. Kwa mshauri na solisita, Kiswahili ndicho kinachofungua kinywa cha mteja siku ya kwanza. Na upo mtego: mteja anayekuita "mwanangu" atataka umwambie cha kusema. Ukishindwa kumkatalia mama wa watu kwa adabu, kazi hii itakumaliza kupitia mlango wowote.

Nilivyomshauri

Kama angekuwa na miaka 22, daraja la kwanza chuoni, ulimi mkali na ufadhili wa chama mkononi, ningemwambia ajaribu ubarista na asisikilize wazee. Kuna kesi ambazo bila mtu wa kusimama na kuipinga serikali uso kwa uso haziendi. Mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda uligonga mwamba Mahakama ya Juu tarehe 15 Novemba 2023 kwa hoja za mabarista, ingawa chini ya kila hoja kulikuwa na maelezo ya shahidi yaliyoandikwa na mtu ambaye jina lake halikutajwa kwenye taarifa ya habari.

Lakini alikuwa na miaka 31, mtoto wa miaka minne na zamu ya usiku. Nikamwambia aanze na Ngazi ya 1, kwenye shirika, siku mbili kwa wiki. Akiipenda, apande Ngazi ya 2, apate kazi ya kulipwa, miaka yake ihesabiwe kuelekea usolisita. Akifika hapo bado anataka kusimama na kusema, anaweza kusimama barazani akiwa solisita au mshauri wa Ngazi ya 3, na chemba zitamwona mtu mwenye kesi halisi mkononi. Kuchelewa hakumfungii mlango wa ubarista. Deni la pauni elfu ishirini lingemfungia mingi. Jambo la kutazama ni kwamba Agosti 2025 serikali ilitangaza nia ya kuunda chombo kipya cha kusikiliza rufaa za hifadhi, kwa hiyo hata meza tunayoizungumzia inaweza kuhamishwa.

Alinuna wiki mbili. "Mjomba unanikatisha tamaa." Kisha akaenda.

Juzi amenipigia, yuko Ngazi ya 2. Hakuuliza habari za barista wala solisita. Alikuwa na maelezo ya shahidi mezani, mteja wake alisema "ndugu yangu" kwenye mahojiano ya kwanza, ikaandikwa kaka, na sasa imejulikana ni mtoto wa mama mdogo.

"Mjomba, niandikeje?"

Nikamwambia aandike yote mawili, mtoto wa mama mdogo na ndugu, halafu amuulize mteja walilelewa nyumba moja au mbili. Akaniambia nisubiri, nikasikia kalamu.

"Nyumba moja," akasema. "Tena kitanda kimoja."